Kusawazisha Mashindano ya Mbio

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mwalimu, kila mzazi na kila mwanafunzi amekutana nalo siku ya michezo. Wakishindana watu wasiolingana nguvu, je, shindano hilo litakuwaje la haki? Watu wa mbio za farasi wamelifikiria swali hili kwa zaidi ya miaka 150, nao wamepata maarifa ambayo sisi tusio na farasi twaweza kuyachukua na kuyatumia. Habari za watu wanaoweka fedha juu ya farasi tutaziacha kando, maana hazitusaidii. Tunachotafuta leo ni kipimo.

Katika nchi yetu ya vilima, mnyama anayejulikana ni ng'ombe mwenye pembe ndefu, pamoja na mbuzi na kondoo. Farasi hatukuwazoea. Tena farasi hastawi katika nchi zenye mbung'o, kwa kuwa ugonjwa wa nagana humwua upesi, na pori la Biharamulo lilijulikana tangu zamani kwa mbung'o wake. Atakaye kuziona mbio za farasi karibu nasi hana budi kufika Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong Road uliofunguliwa mwaka 1954. Huko farasi hawakimbizwi ovyo. Kabla ya mbio kuna mtu aliyekaa na daftari lake, ameyatazama yote ambayo kila farasi ameyafanya katika mbio zilizopita, kisha akaamua kila mmoja achukue uzito gani mgongoni. Farasi mwenye nguvu hupewa uzito mwingi, na aliye dhaifu hupewa uzito mdogo. Nia yake ni kwamba, kama vipimo vyake ni sawasawa kabisa, farasi wote wafike mwisho kwa pamoja.

Waingereza huyaita mashindano ya namna hii handikapu. Asili ya neno hilo ni mchezo wa kale wa kubadilishana mali. Watu wawili walipotaka kubadilishana vitu visivyolingana thamani, walimwita mtu wa tatu awe mwamuzi, naye alisema mwenye kitu duni aongeze fedha kiasi gani ili wawe sawa. Watu hao walitia mikono yao ndani ya kofia, na kwa mikono hiyo walionyesha kama wamekubali au wamekataa. Basi tangu mwanzo neno hilo lilikuwa na mambo mawili ndani yake, yaani vitu visivyolingana na mwamuzi asiyekuwa na upande. Tuyashike yote mawili, maana pasipo la pili, la kwanza huleta ugomvi tu.

Sasa tueleze uzito huo unavyotiwa. Mpanda farasi hupimwa kwenye mizani pamoja na tandiko lake. Akiwa mwepesi kuliko uzito ulioandikwa, vipande vya risasi hutiwa katika mifuko ya kitambaa chini ya tandiko mpaka mizani ikubali. Mbio zikiisha, wapanda farasi wanaoshinda hurudi tena kwenye mizani, ili ijulikane kwamba hakuna aliyetupa risasi yake njiani. Wazee wetu walisema kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Katika mbio za farasi pakacha haliruhusiwi kuvuja.

Mtu aliyelifanya jambo hili kuwa elimu alikuwa Admiral Henry John Rous wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1795 na kufa mwaka 1877. Alikuwa baharia, akaacha bahari akashika farasi, na mwaka 1855 alipewa kazi ya kupima uzito wa farasi kwa niaba ya chama kikuu cha mbio za nchi yake. Rous alitengeneza pia jedwali la umri. Aliona kwamba farasi wa miaka mitatu hajakomaa kama wa miaka minne, kwa hiyo wakikimbia pamoja yafaa yule mdogo apunguziwe uzito. Lakini hakuweka tarakimu moja ya mwaka mzima. Mwanzoni mwa mwaka farasi mdogo hupunguziwa uzito mwingi, na kadiri miezi inavyopita nafuu hiyo hupungua, kwa kuwa anakua. Tena katika mbio ndefu nafuu yake huwa kubwa kuliko katika mbio fupi, maana uchanga huonekana zaidi pale safari inapokuwa ndefu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Kipimo kilichotengenezwa kwa mbio za namna moja hakifai kwa mbio za namna nyingine mpaka kibadilishwe. Wapimaji wa Uingereza wana hesabu yao. Wakitaka kujua farasi mmoja amemzidi mwenzake kwa kiasi gani, hutazama amemwacha kwa urefu wa farasi wangapi mwisho wa mbio, kisha huugeuza urefu huo kuwa ratli za uzito. Katika mbio za mita 1,000 hivi, urefu wa farasi mmoja huhesabiwa kama ratli 3. Katika mbio za maili moja, huhesabiwa kama ratli 2. Katika mbio za maili mbili, urefu ule ule ni kama ratli 1 tu. Ratli moja ni pungufu kidogo ya nusu kilo.

Kwa nini iwe hivyo? Fikirini mtu anayebeba ndoo ya maji. Akitoka kisimani kwenda nyumba ya jirani, uzito wa kibuyu kimoja zaidi hautamchelewesha sana. Akipanda nayo kilima kizima, uzito ule ule utamchelewesha sana, kwa kuwa anauchukua katika kila hatua, na hatua ni nyingi. Kwa hiyo katika mbio ndefu uzito mdogo watosha kuleta tofauti kubwa, na katika mbio fupi wahitajiwa uzito mwingi kuleta tofauti ndogo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini anayeubeba ndiye ajuaye umbali wa njia.

Tuwape mifano ya kweli. Huko Melbourne, Australia, tangu mwaka 1861 hufanyika mbio kubwa za kusawazishwa za maili mbili, na tangu mwaka 1972 umbali wake ni mita 3,200. Mwaka 1890 walishindana farasi 39. Mmoja aliyeitwa Carbine alipewa ratli 145, yaani karibu kilo 66, naye alishinda. Mwaka 1930 farasi Phar Lap alishinda akiwa na ratli 138. Mwaka uliofuata wapimaji walimwongezea mpaka ratli 150, akawa wa nane. Ratli 12 tu zilikuwa kati ya shangwe na kushindwa, ingawa hatusemi kwamba uzito peke yake ndio uliomshinda, maana farasi kama mtu ana siku yake njema na siku yake mbaya.

Mfano wa pili ni wa mbio za kuruka viunzi huko Aintree, karibu na Liverpool. Mbio hizi ni ndefu mno, wakati ule zilikuwa karibu maili nne na nusu, na viunzi vya kuruka vilikuwa 30. Mwaka 1973 farasi Crisp wa Australia alipewa ratli 168, ambao ulikuwa uzito wa juu kabisa ulioruhusiwa. Farasi Red Rum alipewa ratli 145. Basi Crisp alimpa mwenzake nafuu ya ratli 23. Crisp aliongoza kwa umbali mkubwa, akaruka kiunzi baada ya kiunzi, na hata baada ya kiunzi cha mwisho alikuwa mbele sana. Ndipo miguu yake ikaanza kulegea. Aliyumba kama mtu aliyechoka kwa safari, na Red Rum akamfuata hatua kwa hatua, akampita karibu na mwisho kabisa. Tofauti yao haikufika urefu wa farasi mmoja, ilikuwa robo tatu yake tu.

Watu wengi walimhurumia Crisp, wakasema kwamba yeye ndiye aliyekuwa farasi bora. Hata hivyo hakuna aliyesema kwamba mpimaji alifanya kazi mbaya. Kinyume chake, farasi wawili waliokwenda zaidi ya maili nne wakafika karibu pamoja ni ushuhuda kwamba kipimo kilikuwa chema. Mwaka uliofuata, 1974, wapimaji walimpa Red Rum mwenyewe ratli 168 zile zile, naye akashinda tena. Jambo hili latufundisha kwamba kusawazisha hakumnyimi hodari ushindi. Kunamtaka auonyeshe uhodari wake wote.

Tena tazameni kwamba kulikuwa na mpaka. Hakuna farasi aliyepewa zaidi ya ratli 168 hata angekuwa hodari namna gani, kwa kuwa mpimaji hana ruhusa ya kumvunja mnyama mgongo kwa ajili ya usawa.

Basi, wasikilizaji, maarifa haya tuyalete nyumbani. Tuseme ni siku ya michezo katika shule moja ya Ntobeye. Katika darasa moja wamo watoto waliotofautiana umri kwa miaka miwili au mitatu. Hata waliozaliwa mwaka mmoja si sawa. Huko Uingereza farasi wote wa mbio huhesabiwa kuongeza umri tarehe 1 Januari, kwa hiyo aliyezaliwa Mei huitwa wa umri mmoja na aliyezaliwa Januari, ingawa mwenzake amemtangulia kwa miezi minne. Ndivyo ilivyo darasani pia. Mkubwa hushinda mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka wa tatu. Mtoto mdogo akishindwa mara tatu husema, "Mimi si wa mbio," akakaa chini ya mti kuwatazama wengine. Huenda yeye ndiye angekuwa mkimbiaji mkubwa wa wilaya baada ya miaka mitano, lakini ameacha kabla hajakua. Na yule mkubwa naye amepata hasara, kwa kuwa hajasukumwa na mtu, hajui nguvu zake zinafika wapi. Hasara hiyo ya watoto wawili ndiyo inayotufanya tuseme habari hizi.

Jambo la kwanza, msiwatwike watoto mawe wala vyuma. Uzito unafaa kwa farasi aliyekomaa, nao hupimwa na watu wanaojua kazi yao. Mtoto mifupa yake ingali inakua. Kwa binadamu usawa hutafutwa kwa umbali au kwa wakati. Katika mji wa Stawell, Australia, tangu mwaka 1878 watu hushindana mbio fupi ambamo kila mkimbiaji huanza mahali pake. Aliye hodari kuliko wote huanza kwenye mstari wa nyuma, na wengine hutangulizwa kwa mita walizopimiwa. Mwaka 1975 mshindi alikuwa Jean-Louis Ravelomanantsoa wa Madagaska, mtu wa bahari yetu hii ya Hindi, naye alianza kwenye mstari wa nyuma, akawapita wote waliotangulizwa.

Hesabu yake ni nyepesi, na wanafunzi waweza kuifanya ubaoni. Tuseme mkubwa hukimbia mita 100 kwa sekunde 14, na mdogo kwa sekunde 16. Gawanyeni 100 kwa 16, mtapata kwamba mdogo huenda mita 6 na robo kwa kila sekunde. Zidisheni kwa 14, mtapata mita 87 na nusu. Hapo ndipo mdogo atakapokuwa mkubwa anapofika mwisho. Basi mdogo atangulizwe mita 12 na nusu, nao watafika pamoja, kila mmoja akikimbia kama kawaida yake.

Lakini kumbukeni kiini chetu. Mwalimu asifikiri kwamba, kwa kuwa mita 12 na nusu zinatosha katika mbio za mita 100, basi katika mita 400 azidishe mara nne apate mita 50. Tuseme amewapima kwa saa katika mita 400, akaona mkubwa anatumia sekunde 76 na mdogo sekunde 80. Huyu mdogo hana kasi kubwa, lakini ana pumzi. Huenda mita 5 kwa sekunde, na katika sekunde 76 atakwenda mita 380. Yamstahili mita 20 tu. Akipewa 50 atafika mwisho kwa sekunde 70, wakati mkubwa angali mbali, na hapo haki imegeuka kuwa upendeleo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na wapo wakimbiaji ambao mbio zao huishia pale ambapo za wenzao ndiyo kwanza zinaanza.

Na mbio za vilimani je? Ninyi wa Ntobeye mwajua kwamba mita moja ya mteremko si sawa na mita moja ya mpando. Ukimtanguliza mtoto mita 200 mahali pa mteremko, umempa nafuu ndogo. Ukimtanguliza mita 200 za mpando mkali, umempa nafuu kubwa. Kwa hiyo katika mbio za njia ndefu zenye vilima, acheni mita, tumieni saa. Kama mmoja huimaliza njia ile kwa dakika 20 na mwingine kwa dakika 24, huyu wa pili aondoke kwanza, na baada ya dakika 4 aondoke wa kwanza. Wote wapite njia ile ile nzima, na atakayefika mbele ndiye mshindi, hapana haja ya hesabu nyingine. Njia hii yafaa pia kwa mashindano ya baiskeli, maana baiskeli nzito ya kubebea ndizi na ile nyepesi haziwezi kuanza pamoja kwa haki.

Katika mashua desturi ni nyingine tena. Huko Uingereza mashua ndogo za tanga za namna mbalimbali huondoka pamoja, na usawa hutengenezwa baada ya mbio, kwenye karatasi. Kila namna ya mashua ina namba yake, na iliyo ya mwendo wa polepole ina namba kubwa. Dakika zilizotumiwa huzidishwa kwa 1,000, kisha hugawanywa kwa namba ya mashua. Tuseme mashua yenye namba 1,000 imetumia dakika 60. Itabaki na dakika 60. Mashua yenye namba 1,200 imetumia dakika 69. Itahesabiwa dakika 57 na nusu, nayo ndiyo iliyoshinda, ingawa ilifika nyuma. Kwa watoto twaona njia hii haipendezi sana, kwa kuwa mtazamaji hajui mshindi mpaka kalamu imalize kazi yake.

Yako pia mashindano yasiyohitaji kusawazishwa hata kidogo. Mbio za yai katika kijiko, au mbio za magunia, huwapa watu wote nafasi kwa wepesi wa mkono na kwa bahati. Ziacheni zilivyo.

Na liko shindano ambalo ni kosa kulisawazisha, nalo ni lile la kumtafuta aliye bora. Mbio za Derby huko Epsom, zilizoanza mwaka 1780, ni za farasi wa miaka mitatu tu, nao huchukua uzito sawa, isipokuwa majike hupunguziwa ratli 3. Huko hakuna anayefidiwa kwa udhaifu wake, kwa maana watu wanataka kujua nani ni nani. Vivyo hivyo, mnapochagua watoto wa kwenda kwenye michezo ya UMITASHUMTA, wote na waanze kwenye mstari mmoja. Ukimpeleka aliyeshinda kwa kutangulizwa, huko aendako hatamkuta mtu wa kumtanguliza. Kwa hiyo, kabla ya kuchora mstari uwanjani, jiulizeni: leo tunamtafuta aliye bora, au tunataka kila mmoja akimbie kwa nguvu zake zote? Majibu mawili, mbio mbili.

Imebaki hila, nayo ni adui mkubwa wa kipimo. Katika mbio za farasi wapo wapandaji wanaomzuia farasi asishinde leo, ili apunguziwe uzito kesho. Sheria inakataza, na anayegunduliwa huadhibiwa. Mtoto naye aweza kukimbia polepole siku ya kupimwa ili atangulizwe mbali siku ya sikukuu. Dawa yake ni hii. Mwalimu asipime mara moja. Apime mara tatu kwa siku mbalimbali, aandike zote katika daftari, kisha atumie ile iliyo nzuri kuliko zote. Hapo mwenye kujificha hatapata faida, labda ajifiche mara zote tatu. Na daftari hilo lisiwe siri. Libandikwe ukutani, kila mzazi aweze kusoma kwa nini mwanawe ametangulizwa au hakutangulizwa. Mwamuzi asiwe baba wa mmojawapo wa washindani, wala mjomba wake.

Mwisho, vipimo vibadilishwe kila muhula, kama Rous alivyobadilisha jedwali lake mwezi kwa mwezi. Mtoto aliyetangulizwa mita 12 mwezi wa Februari huenda ikamtosha mita 7 mwezi wa Septemba. Asione kwamba amenyang'anywa haki yake. Mwambieni kwamba mita zile 5 zilizopungua ndizo alizokua, na kwamba siku atakaposimama kwenye mstari wa nyuma kabisa, peke yake, wenzake wote wakiwa mbele, atakuwa amepewa heshima kuliko kikombe.

Waalimu wenye saa na daftari waweza kuanza juma hili. Wasio na saa ya kupimia sekunde wakusanye watoto wawili wawili, wawakimbize pamoja, na mmoja akifika mwisho mwingine asimamishwe pale alipo. Umbali uliobaki upimwe kwa kamba, na huo ndio utakaokuwa nafuu yake mara nyingine, kwa mbio za namna ile ile tu.